Wa Mwisho Kuingia Jukwaani

Hapo zamani, si zile za fisi kuvaa kanzu, hizi za juzi tu za kaseti, palikuwa na bendi kongwe ya roki mjini Tanga. Iliitwa Mtikisiko, na ilitikisa kweli: ikianza kupiga, vikombe vinaanguka makabatini na kuku wanahamia mtaa wa pili. Shekiondo aliimba kwa mayowe. Mbaruku alinguruma na gitaa la umeme. Tamima alipiga ngoma.

Walikuwa na desturi moja. Albamu ikitoka, aliyeibeba ndiye huingia jukwaani wa mwisho, ukumbi mzima ukisimama kumpokea. Miaka nenda miaka rudi, ni Shekiondo. Tamima alikuwa wa kwanza siku zote, watu wangali wanagombania viti. Hata paka hakuwahi kusimama kumpokea.

Mwaka mmoja koo la Shekiondo likaharibika. Daktari akamwambia, "Ukipiga yowe jingine, utaongea kwa mikono." Akawaapisha wenzake wasimwambie mtu, wakaingia studio hivyo hivyo. Akaimba, kikatoka kimnong'ono. Gitaa likakimeza. Wakarudia, likakimeza. Wakarudia tena, likakimeza.

"Futeni huo mkanda," Shekiondo akasema. "Bendi imekufa."

Tamima akaunyakua mkanda, akaukalia. "Niondoeni mimi kwanza, na uzito wangu mnaujua!" Akatupa vijiti, akapiga ngoma kwa viganja, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. "Kaka hawezi kupanda. Tushuke sisi."

Mbaruku akanuna. Akanuna mpaka chai ikapoa. Mwisho akachomoa gitaa lake la umeme, akashika la kawaida lisilo na waya, akatunga muziki wote upya kuufuata ule mnong'ono wa kwenye mkanda. Mwingine wa kurekodi haungepatikana. Koo lilikuwa limeshavimba.

Albamu ikatoka, mashabiki wakawaka. "Mbaruku kaipoza bendi! Msaliti!" Sokoni Ngamiani wakamrushia nyanya. Angesema neno moja tu kuhusu koo la mwenzake, wangemwacha. Hakusema. Kisha mmoja akaisikiliza albamu tena, akalia. Akamwita jirani, naye akalia. Siku ya uzinduzi ukumbi ukafurika.

Sasa wako nyuma ya pazia. Nje watu wanapiga miguu sakafuni. Mtangazaji akaingiza kichwa, jasho linamtiririka. "Jamani, namwita nani? Vichekesho vimeniishia, nimebaki na cha mama mkwe, na mwenyewe kakaa mstari wa mbele!"

"Tangulia, dada," Shekiondo akanong'ona.

Miguu ya Tamima ilizoea kwenda yenyewe. Leo ikagoma.

"Siendi wa kwanza."

"Umepagawa?" Shekiondo akauliza.

"Nyinyi mlitaka kuizika hii albamu, mimi nikaikalia. Njia hii nimeionyesha mimi. Nataka mara moja tu niwaone watu wamesimama."

Mbaruku akacheka bila furaha. "Wewe umetupa vijiti, vinaokotwa! Mimi nimetupa gitaa lililonipa jina. Muziki wote ni wangu. Na nyanya nimekula mimi, kwa ajili ya koo la huyu bwana. Nikijipenyeza katikati leo, watasema kweli msaliti huyo, anaona haya."

Shekiondo akafungua kitambaa shingoni. "Koo hili limekatika likiwabeba nyinyi. Sauti inayowaliza watu ni hii. Nanyi kesho mtapiga, keshokutwa mtapiga. Mimi daktari kanipa leo tu."

Tamima akaitazama ile shingo, machozi yakamlenga. Akashika pazia. Akaliachia. Akalishika tena. Wa kwanza hapatikani, basi wa mwisho atatoka wapi? Na huko nje wameanza kuzomea.

Haya, nyinyi mnaotafuna karanga, simamisheni meno. Mmoja katoa sauti yake ya mwisho. Mmoja katoa gitaa lake, akabeba na matusi yasiyo yake. Mmoja kaiokoa kazi ambayo wenyewe walishaihukumu kufa. Pazia linangoja kufunguliwa. Je, nani alistahili kuingia wa mwisho?