Mtu wa Video na Mgomba Uliovishwa Sanda

Akina mama wenzangu, kabla sijasema neno, kila mmoja amgeukie jirani yake amwambie: "Haya hayatoki hapa." Semeni. Na wewe uliyejibanza nyuma ya nguzo, sema, mdomo wako naujua. Vizuri. Aliyenipa mfano huu aliniapisha nisiutoe, na kiapo nimekishika, tangu Jumapili mpaka jana asubuhi. Jana nilimgusia kidogo fundi cherehani, maana alikuwa ananipima kiuno, na mtu hawezi kupimwa kiuno akiwa kimya. Leo nawaambia ninyi. Mkifika nyumbani mtawaambia waume zenu, lakini angalau tumeapa.

Kulikuwa na mtu mmoja wa video. Si mtoto, ndevu anazo, umri wa kuoa ulimpita ameshika simu. Kazi yake ilikuwa kuwashtua watu. Anajipaka majivu mwili mzima, anajibanza nyuma ya mlango wa choo cha sokoni. Mama wa watu akitoka anarukiwa, anapiga ukunga, ndoo huku, kandambili kule. Yeye anarekodi, anaiweka mtandaoni, nchi nzima inashika mbavu. Nanyi mmecheka, msijifanye mnatafuta miwani.

Akapata watazamaji wengi, lakini siku moja akashikwa na kiu nyingine. Kuna kitabu kikubwa kule mtandaoni, wasomi wanakiita ensaiklopidia. Ukikiuliza "Fulani ni nani?" kinakujibu. Wamo wafalme, wamo waliogundua dawa, imo milima na magonjwa. Akatafuta jina lake, hakulikuta. Basi akakaa akajiandikia ukurasa mwenyewe, mrefu, mtamu, ungedhani anaandika habari za nabii. Kesho yake ukafutwa. Akaandika tena, ukafutwa tena.

Akamwandikia mmoja wa walinzi wa kitabu kile, mwanamke aliyekuwa akijitolea kusoma yanayoingia na kuondoa yasiyofaa.

"Mbona mnanifuta? Mimi natazamwa na nchi nzima!"

"Kutazamwa tumeona, kaka. Lakini nani ameandika habari zako, asiyekuwa wewe?"

"Mashabiki wangu."

"Wameandika nini?"

"Wanaweka vicheko. Na mioyo."

"Kicheko siwezi kukiandika kitabuni. Niletee mtu mmoja tu aliyekaa chini akakufikiria."

"Na yule mama wa uji wa lishe? Si mtu wa video kama mimi? Mbona yumo?"

"Yule manesi wamemwandika, magazeti yamemwandika, wanavyuo wamemfuata mpaka jikoni kwake. Sisi tulinakili tu yaliyosemwa na wengine."

"Kwa hiyo mimi nifanye nini niandikwe?"

Yule mwanamke, maskini, akatania. Akasema, "Ndugu yangu, wengi huandikwa wakishakufa."

Alitania tu. Lakini kuna watu huwatanii, kwa sababu neno lako wanakwenda kulifanyia kazi.

Kulikuwa na bwawa chini ya miamba, maji yake meusi. Hata mbuzi wa pale wakinywa, hunywa wakitazama nyuma. Yule mtu akaenda mchana kweupe, akaisimamisha simu juu ya jiwe, akarusha video moja kwa moja watu waone. Akapunga mkono. Akaingia magotini, kiunoni, kifuani. Maji yakafunga juu ya kichwa chake, yakatulia.

Simu ikaendelea kurekodi maji. Hakuna mtu, hakuna sauti, maji tu na kivuli cha mwamba. Na watu wakaendelea kutazama. Wakaitana: njoo uone, njoo uone. Nasikia siku ile waliyatazama yale maji matupu watu wengi kuliko wote waliowahi kumtazama yeye. Hebu lifikirini hilo kidogo. Hakuwepo, ndipo alipopendeza.

Yeye alikuwa ameshatokea upande wa pili, kwenye matete, akavaa kofia, akachukua simu nyingine aliyoificha pale, akaenda kujificha kwenye gesti ya mji wa mbali. Magazeti yakaandika. Redio zikasema. Na ule ukurasa alioulilia, ukaandikwa na watu wengine kabisa, ukakaa, haukufutwa.

Akaufungua. Akasoma. Kina cha bwawa kimeelezwa. Miamba imeelezwa. Waliowahi kuzama pale wametajwa. Juu yake yeye kulikuwa na mstari mmoja: alirekodi video, akaingia majini. Akausoma huku akiteremsha kidole, akitafuta maisha yake. Hayakuwemo. Kitabu kizima kilijua alivyokufa, hakikujua alivyoishi.

Sasa, kwao ilikuwa nchi ya migomba, na huko wana desturi. Mtu akipotelea majini asionekane, hawaliachi jina lake litangetange. Hukata mgomba wa kimo chake, wakauosha, wakauvisha sanda, wakauzika. Ukishafukiwa, mtu huyo amekufa. Hata akirudi kesho anatembea, watu watampisha njia, na hakuna nyumba itakayomtengea sahani. Kwa hiyo hawafanyi haraka. Kabla ya kuushusha, mama mzazi husimama ukingoni akaliita jina la nyumbani, lile alilomwitia mwanawe akimnyonyesha. Akiitika, mazishi yanavunjwa na inakuwa karamu. Asipoitika, wanaushusha.

Yule mtu aliyajua haya tangu utotoni. Lakini alisikia kwamba waandishi wa habari watakuwepo, na kwamba wasifu wa marehemu utasomwa hadharani. Akawaza: wasifu huo ndio utakaojaza ukurasa wangu. Nitausikia kwa masikio yangu, nitaurekodi, mama nitamwomba radhi baadaye.

Baadaye! Neno hilo limejaza makaburi mangapi?

Akajifunga vitenge viwili, kimoja kiunoni, kimoja kichwani mpaka kwenye pua, akaenda msibani kwake mwenyewe, akaketi mkekani kwa wanawake.

Siku ile ukungu ulishuka tangu asubuhi ukakataa kupanda. Mchana ulikuwa mweupe, hauna kivuli. Majani ya migomba yalining'inia bila kutikisika. Mama yake alipita katikati ya shamba, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, akipima. Akasimama mbele ya mgomba mmoja, akasema, "Ukateni huu. Alinipita hivi."

Wakaulaza uani, wamemaliza kuuvisha. Na mnajua mgomba uliokatwa unavyotoka utomvu. Ukapenya kwenye sanda taratibu, ukaacha doa la rangi ya damu kuukuu, mahali pa kifua. Mama akaweka kiganja juu ya lile doa, akakiacha hapo.

Mkekani, mwanamke aliyekaa ubavuni kwa yule mtu akamgeukia. "Pole dada. Wewe umetoka upande gani?"

"Upande wa mama," akasema kwa sauti nyembamba.

"Wa mama ndio sisi."

Akavuta miguu chini ya kitenge.

"Na miguu yako mbona mikubwa hivyo?"

"Imevimba."

"Pole. Presha hiyo, hata mimi ninayo. Acha chumvi."

Wakaubeba mgomba mpaka kaburini, hatua chache tu kutoka mkeka wa wanawake. Mama akasimama ukingoni, akaliita lile jina. Jina lenyewe silitaji, si langu. Aliliita vile mtu anavyomwita mtoto aje kula kabla chakula hakijapoa.

Yule mtu akasikia mdomo wake unafunguka wenyewe. Ulilijua jina lile kuliko yeye. Akaukumbuka ukurasa. Akiitika, unafutwa. Akauma kitenge kwa meno.

Mama akaita tena. Tone la ukungu likaanguka kutoka kwenye jani, kila mtu akalisikia.

Akaita mara ya mwisho, polepole, kama anayeuliza.

Hakuna aliyeitika. Mzee aliyesimamia mazishi akatikisa kichwa, wakaushusha mgomba. Na waliokuwa wameshika kamba walisema baadaye kwamba uliwalemea ghafla, mzito kuliko walivyoubeba kutoka uani. Yule mtu naye, pale alipo, akahisi amekuwa mwepesi. Yule jirani yake, bila kumtazama, akaweka mkoba wake juu ya mapaja ya yule mtu, kama mtu anayeweka kitu kwenye mkeka mtupu.

Basi baba yake mdogo akasogea mbele kusoma wasifu kabla ya kufukia. Akakohoa. "Marehemu alizaliwa hapa. Alisoma hapa. Aliondoka. Alikuwa akirekodi video." Akatazama nyuma ya karatasi, kweupe. "Huo ndio wasifu wa marehemu. Mwenye la kuongeza aongeze."

Watu wakatazamana. Waandishi wa habari wakangoja, kalamu juu.

Mzee mmoja akainua fimbo. "Mimi alinirukia nikiwa kwenye baiskeli. Nikaingia mtaroni. Nchi nzima ilicheka. Goti halijapona."

Mtu mmoja akacheka, akafinywa na mkewe.

"Mwingine?" akauliza baba mdogo. "Aliyekula naye? Aliyesaidiwa naye hata kubeba maji?"

Ndipo kule mkekani akainuka mwanamke mrefu aliyejifunika mpaka puani. "Mimi nina la kuongeza!" akasema, na sauti nyembamba ikaanza kumponyoka. "Mbona mnamfupisha hivyo? Huyu marehemu alikuwa na watazamaji kuliko wabunge wenu! Alichekesha wagonjwa mahospitalini! Waandishi, andikeni: alikuwa wa kwanza mkoa mzima kurekodi ndani ya jeneza!"

"Mama," akasema baba mdogo, "wewe ulimfahamu wapi?"

"Nilikuwa naye siku zote!"

"Basi tusaidie. Mara ya mwisho alimpigia mama yake simu lini?"

Yule mwanamke mrefu akafungua mdomo.

Mwacheni kwanza asimame hapo hapo, nizungumze na sisi.

Mtaniuliza: Bibi, mtu wa video anastahili kuandikwa kwenye kile kitabu kikubwa? Anastahili, kwani ana kosa gani? Mungu hakuichukia simu. Anastahili kama mkunga anavyostahili na kama fundi wa madaraja, ikiwa wapo watu waliosimama wenyewe, bila kusukumwa, wakasema: huyu alitufaa, au hata huyu alituumiza, na tunajua kwa nini. Lakini macho yaliyokupitia juu juu si mashahidi. Macho hupita hata juu ya maji matupu, tumeona. Na wasifu haujiandikii mwenyewe. Wanaokuandikia ni hao unaowarukia vichochoroni leo.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Huyu mtu alipoitwa na mama yake, alinyamaza. Alipopunjwa sifa, alisimama. Mnaona? Alikuwa na sauti muda wote.

Na sisi je? Sisi tusio na video, wenye vitenge vyetu halali? Mtoto anaita mama, mama, tunasema subiri. Simu ikilia kwamba mtu ameisifu picha yetu ya Pasaka, tunaruka mpaka mboga inaungua. Jirani anagonga ukutani usiku kucha, eti hatukusikia. Jina letu likisahauliwa kwenye matangazo ya michango, tunasikia hata tukiwa chooni! Mgonjwa wa jumuiya anatuita jina, tunauma kitenge. Nani kati yetu leo hajaitwa? Na ni lini wanaotuita watachoka, waushushe mgomba? Jiulizeni kimoyomoyo, msinijibu, najua majibu yenu mengine kuliko mnavyodhani.

Turudi kaburini, maana yule mtu bado amesimama.

Mama yake akaacha ukingo, akaja kwake polepole. Watu wakafanya njia. Akakishika kile kitenge kwa vidole viwili, akakishusha. Uso wa mwanawe ukatokea. Na chini ya kitenge, mkononi, simu, alama nyekundu inawaka, inarekodi.

Waliozoea kupiga ukunga wakimwona, safari hii hakuna aliyepiga. Walirudi nyuma tu, wote pamoja, kama maji yanavyorudi. Waandishi waliokuwa wameinua kalamu wakasahau kuzishusha.

"Mama," akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Ni mimi."

Mama akamtazama kwa muda mrefu, vile unavyotazama nguo iliyopauka, ukijaribu kukumbuka rangi yake.

"Sauti naijua," akasema. "Nimemwita mwenyewe sasa hivi hapa, mbele ya watu wote hawa. Mwenye sauti hii hakuitika."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbata udongo, ule wa kwanza, ambao mama mzazi ndiye huutupa. Akageuka, akarudi ukingoni.

"Shemeji," baba mdogo akamwambia, "shemeji, ngoja kwanza."

Mama akaufungua mkono. Udongo ukagonga mgomba kule chini, na kwenye ile simu, ambayo mwenyewe alikuwa bado ameishika na hakukumbuka kuizima, ukasikika vizuri kabisa.