Fisi Aliyetumwa Kupiga Paa

— Wenzangu, mpo?
— Tupo, na masikio tunayo!
— Niitoe au niimeze?
— Itoe! Ukiimeza utavimba tumbo!

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa na nyumba kama sisi, Paa alijifungua. Paa ni mnyama mdogo. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mbuzi aliyenywea. Alijifungulia ndani ya kichaka cha miiba, na mtoto wake alikuwa bado hajajua kusimama. Akiinuka, bwete! anaketi. Akiinuka, bwete! anaketi.

"Inuka, mwanangu," Paa akamwambia. "Kwetu asiyejua kukimbia hazeeki."

Mtoto akainuka. Bwete!

Siku hiyohiyo, mama yake Simba alitamani nyama laini, kwa sababu meno yalikuwa yamemwisha. Simba akamwita Fisi. Simba alikuwa na bunduki mbili, zilizoachwa na wawindaji waliokimbia nyuki wakasahau kurudi. Moja ilikuwa bunduki ya marisau, yaani vile virisasi vidogovidogo kama punje za mtama, ambavyo hutoka pamoja na kutawanyika. Ya pili ilikuwa ya risasi moja, mtutu mrefu, nayo hupiga mbali na hupiga palepale ilipoelekezwa.

Simba akasema, "Zijaribu mkononi, chagua moja, ukapige paa. Nyama yote ni ya mama. Wewe utapata kwato."

Kisha akaingia ndani kulala. Na ilijulikana nchi nzima kwamba Simba hasemi neno mara mbili. Aliyewahi kumuuliza "Ati?" hakuonekana tena.

Fisi akabeba bunduki zote mbili, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kichaka cha Paa. Akaketi mbele ya miiba. Akashika ya marisau, akaiweka. Akashika ya risasi moja, akaiweka.

"Hii au hii?" akajiuliza. "Hii au hii?"

Paa alimsikia. Akamtazama mtoto. Mtoto akainuka. Bwete! Paa akajua kwamba leo miguu haitafaa, labda mdomo.

"Hodi huko nje," akasema. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," Fisi akajibu, kisha akashtuka. "Nani huyo?"

"Mimi Paa."

"Si ndiye wewe nitakayekupiga?"

"Ndiye mimi, mjomba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Toka basi nikupige, Simba amenituma nyama laini ya mama yake."

"Kwa bunduki ipi?"

Fisi akazitazama zote mbili. Akashika ya marisau. Akashika ya risasi moja.

"Kwa hii," akasema. "Hapana, kwa hii. Ngoja kwanza."

"Nangoja, mjomba. Wala sina haraka."

Fisi akajikuna shingo. "Unajua, mwanangu, ukoo wetu una shida na vitu viwili. Babu yetu alikuta njia mbili..."

"Nilisikia. Poleni sana."

"Asante. Sasa wewe ungechagua ipi?"

"Mimi?" Paa akasema. "Tangu nizaliwe napigwa kwa hizo. Zote nazijua. Hiyo ya marisau lazima usogee karibu. Ukisogea, nakusikia, nakimbia. Na hata ukinipata, nyama imejaa vyuma. Mama yake Simba hana meno, atameza vyuma."

"Simba ataniua," Fisi akasema. "Basi hii nyingine."

"Hiyo yataka utulie mbali, usipumue, tumbo lisingurume. Mjomba, tumbo lako likoje?"

Tumbo la Fisi likajibu lenyewe: nguruuu!

"Basi!" Fisi akafoka. "Hii mbaya na hii mbaya!"

"Bunduki hazina ubaya," Paa akasema. "Ubaya uko kwenye malipo. Ukinipiga, utapewa nini?"

"Kwato."

"Kwato zangu umeziona?" Paa akatoa mguu mmoja kidogo kwenye miiba. "Mtu mzima, manyoya yako haya, na bunduki begani, kwa vijikwato kama kokwa za tende!"

Fisi akautazama ule mguu. Akahuzunika kwa dhati.

"Mjomba," Paa akasema polepole, "Simba alikwambia ukapige nini?"

"Nikapige paa."

"Alisema paa yule au paa lile?"

"Alisema paa tu."

"Na pale juu ya nyumba ya Simba, penye nyasi, panaitwaje?"

Fisi akageuka akatazama. "Ni paa."

"Na chini ya paa hilo, darini, nani kaning'inizwa?"

Fisi alijua. Nchi nzima ilijua. Nyati alikuwa pale. Nyumbu alikuwa pale. Pundamilia alikuwa pale, vipande vipande, moshi wa jiko ukimpitia. Mate yakaanza kumdondoka Fisi, to, to, to.

"Ile ni mali ya Simba," akasema kwa sauti ndogo.

"Ikiwa juu ni ya Simba. Ikianguka ni ya aliyeokota. Na wewe huibi, mjomba, umetumwa."

"Nimetumwa," Fisi akasema.

"Ukitumia ya risasi moja, litatoboka tundu moja, kitaanguka kipande kimoja. Ukitumia ya marisau..."

"Hii!" Fisi akapiga kelele. Akaiacha ya risasi moja majanini na kukimbia na ya marisau, mbio mbio mbio, mpaka nyumbani kwa Simba. Akasogea karibu, kama Paa alivyosema. Akasogea karibu zaidi. Akaingiza mdomo chini ya upenu, akaupanua ili kitakachoanguka kisipotee njiani. Akaelekeza mtutu juu.

Mbwaaa!

Chwachwachwachwa! Porororo! Zikaanguka nyasi, yakaanguka makombamoyo yaliyozibeba, akaanguka nyati, nyumbu na pundamilia. Nyama yote ikaanguka ndani, juu ya Simba aliyelala. Nyasi zote zikaanguka mdomoni mwa Fisi.

Simba akatoka na mguu wa nyumbu shingoni.

"Fisi!"

"Mmmf," akasema Fisi. Akatema nyasi. "Bwana mkubwa, ulisema nipige paa!"

"Nilisema hivyo?"

Ndani ya vumbi ikatoka sauti ya mama yake Simba: "Ulisema, mwanangu. Nilichokosa ni meno, si masikio. Tena mwache, sasa jua linaniingilia vizuri."

Simba akafikiri. Akatazama juu, akaona mawingu yakipita. Akasema, "Nilisema upige paa. Paa limepigwa. Shauri limekwisha. Lete bunduki, kisha kata nyasi uezeke."

"Na yule paa wa kichakani?"

"Ati?" akasema Simba.

Fisi hakurudia. Akaenda kukata nyasi. Akabeba mzigo, akabeba mzigo, mpaka kiuno chake kikashuka nyuma, na hakijainuka hadi leo.

Jioni ya siku ya pili Paa alipita pale. Nyuma yake alikuja mtoto, miguu minne, tiki tiki tiki tiki, hakuketi hata mara moja. Fisi alikuwa juu na fungu la nyasi.

"Shikamoo, mjomba. Kazi?"

"Usinisemeshe. Naezeka."

"Unaezeka nini?"

Fisi akafungua mdomo kutamka. Akaufunga.

"Kile kitu," akasema.

Ngano yangu imechoka, nimeiweka chini. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka airuke asiikanyage. Na mafunzo yake ni haya: ukitaka kuchagua bunduki ya kuwindia, muulize mnyama unayemwinda, atakwambia kweli tupu. Tena chukua ya marisau. Siku ile Fisi hakukosa shabaha.