Alama Mbili za Kunukuu

Mwiba hauui siku unapochoma. Huchoma kidogo, mtu akaupuuza, mguu ukaja kuvimba asiweze kukanyaga. Hayo ndiyo yaliyomfika fundi mmoja wa kompyuta hospitalini, ambaye wenzake walimwita Umeme kwa wepesi wa mikono yake.

Umeme aliandika skripti, programu fupi ya kompyuta, ya kufuta folda za picha zisizohitajika tena. Unaipa jina la folda, inaifuta. Mkubwa wake wa kazi, mwanamke mtaratibu, aliisoma akakunja uso.

"Mdogo wangu, hapa kwenye jina weka alama za kunukuu. Likija jina lenye nafasi katikati, kompyuta italikata, ione ni majina mawili."

"Dada, folda zetu zote zina neno moja," Umeme akacheka. "Hivyo vijialama vya nini? Mapambo?"

"Haya. Mimi nimesema."

Asubuhi moja mpiga picha wa eksirei alikusanya picha zilizoharibika kwenye folda mpya, akaiita "picha mbovu". Umeme akaipa skripti jina hilo, akabonyeza. Kompyuta ikasoma "picha", kisha "mbovu". Folda ya "mbovu" haikuwapo. Ya "picha" ilikuwapo, nayo ndiyo iliyobeba picha za wagonjwa wote.

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa upasuaji.

"Binti yuko mezani, damu inavuja ndani ya kichwa, na picha yake imetoweka kwenye skrini! Nipasue wapi?"

Umeme akamkimbilia mkubwa wake. "Dada, nimekwisha!"

Mkubwa wake akarudisha nakala ya akiba. Ilikuwa ya jana. Binti alikuwa amepigwa picha asubuhi ile ile. Ikabidi atolewe chumba cha upasuaji, apigwe picha tena, mama yake akikimbia kando ya kitanda: "Mbona mnamrudisha? Jamani, mwanangu ana nini?" Wauguzi wakazidi kusukuma kitanda.

Umeme alisimama ukumbini, roho mkononi, mpaka daktari alipotoka.

"Yu hai. Lakini mkono wa kulia haunyanyuki."

"Ni kwa sababu tulichelewa?"

Daktari alivua kofia, akamtazama. "Sijui. Na sidhani tutajua."

Umeme alimwona yule mama kwenye benchi, akimshukuru Mungu kwa sauti. Akamwendea kumweleza mwenyewe kosa lake, kila hatua ikimuuma. Mdharau mwiba mguu huota tende.