Sauti ya Khatibu

Hapo zamani, si zamani za majini na wafalme, zamani za juzi tu, Bi Mwanakombo alifiwa na mwanawe Khatibu. Kijana aliacha kompyuta kuukuu, na ndani yake aliirekodi sauti yake akimfundisha mama kuitumia: "Bonyeza hapo, mama. Siyo hapo! Haya, umeona? Si nilikwambia utaweza!" Kisha anacheka.

Matanga yakaanuliwa. Mumewe, Mzee Makame, akasema kilio sasa basi, tumwachie Mungu. Bi Mwanakombo akaitikia. Lakini kila mumewe akienda msikitini, yeye hufunga mlango, akabonyeza, akamsikia mwanawe akicheka, akalia kimya kimya.

Ndipo binti yake Riziki, aliyeolewa mbali, akajifungua. Akataka mama amwone mjukuu kwa video, lakini kompyuta ile imezeeka, haikubali. Akamtuma fundi Shaame aende kuiwekea mfumo mpya.

Fundi akaketi, akauliza, "Mfumo mpya ukiingia, vya zamani vyote vinafutika. Kuna kitu cha kuhifadhi?"

"Hamna," akajibu Mzee Makame.

Bi Mwanakombo alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akisema, mumewe atajua kuwa bado analia. Akajipa moyo: fundi ni fundi, ile sauti ataiona mwenyewe.

"Hamna kweli?"

"Hamna, bwana."

Bi Mwanakombo akamimina chai.

Kazi ikaisha, fundi akaenda zake. Jioni Bi Mwanakombo akafunga mlango, akabonyeza pale alipofundishwa. Kimya. Akabonyeza kwingine. Kimya, na hapakuwa na wa kumwambia siyo hapo. Akapiga yowe ambalo hakulipiga hata siku ya mazishi.

Mumewe akaja mbio, fundi akaitwa. Bado anawaeleza kilichopotea, kompyuta ikaita, na Riziki akatokea kwenye kioo, mtoto mikononi. Alipoelezwa, machozi yakamtoka.

"Mama yangu, mimi nilitaka umwone mjukuu wako. Ningejuaje?"

Shaame akasema, "Mimi niliuliza, nikarudia kuuliza. Kupekua vya watu si adabu."

Mzee Makame akainamisha kichwa. "Mimi nilijua. Kuna jioni niliwahi kurudi, nikakusikia. Nikaona unakwisha, mke wangu. Nimeshamzika mmoja, sikutaka kuwazika wawili."

"Na mimi," akasema Bi Mwanakombo, "nililisikia swali, nikamimina chai."

Mle kwenye kioo mtoto akaanza kulia. Walikuwa wamempa jina la Khatibu, na bibi yake hakuweza kumtazama.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msiniangalie mimi, maana mimi jambo hili limenishinda. Binti alitaka kumfurahisha mama, fundi aliuliza, baba alisema hamna kwa huruma, mama alinyamaza kwa aibu. Je, nani kati yao alistahili kubeba lawama ya kumzika Khatibu mara ya pili?