Duka Lisilo na Mlango

Paukwa!
Pakawa!
Aliyelala?
Aamshwe!
Aliyeamka?
Abebe mzigo!

Haya. Wenye kupiga miayo pigeni, siwalaumu. Mmenikumbusha Pimbi.

Pimbi aliishi majabalini na mumewe na watoto wao. Na pimbi, mnajua wenyewe, ni mnyama wa jua. Asubuhi hulaza tumbo mwambani akaota jua mpaka mifupa ilainike. Lakini hawa wawili waliota jua la wapi? Walikuwa wachukuzi wa Ngiri.

Ngiri alikuwa na duka la udongo, paa lake la magogo na udongo mzito. Siku moja akasikia kwamba mteja akikuta mlango umefungwa, harudi tena. Basi akaung'oa mlango, akauchanja kuni, akachemshia mahindi. Tangu hapo duka likawa wazi usiku na mchana, na Ngiri akawa anaimba:

"Mlango haufungwi, macho hayafumbwi!"

Macho ya nani? Si yake. Yeye jua likizama aliingia shimoni kinyumenyume, akakoroma: khoroo, khoroo. Usiku Pimbi aliuza, na mumewe akateremka hadi ghala la mtoni kuleta sukari na chumvi, ili alfajiri rafu zisiwe tupu. Tata, tata, tata, gunia mgongoni. Kesho yake wakabadilishana. Mchana je? Mchana waliuza wote wawili.

Usiku mmoja mume wa Pimbi akasinzia huku anatembea. Akateleza kivukoni, chubwi! Asubuhi wakamwokota amekufa.

Pimbi akaenda kwa Ngiri akilia. "Bwana, mume wangu amefariki. Amezama kivukoni."

Ngiri akainua kichwa. "Ala! Na sukari je? Imelowa?"

Ndivyo alivyosema, wanangu. Hata pole hakusema.

"Imelowa, bwana," akajibu Pimbi. "Naomba tufunge duka leo tu, tumzike. Hata Nungunungu, na ubahili wake wote, jirani akifiwa huurudisha mlango wa duka lake nusu."

"Nirudishe mlango upi? Mimi nina mlango?" Ngiri akacheka mpaka pembe zikagongana na rafu. "Mlango haufungwi, macho hayafumbwi! Kazikeni upesi, kisha urudi. Mzigo wa leo ni wako, na wake pia ni wako."

Pimbi akafuta machozi. Akalitazama paa. Akazitazama kuta.

"Sawa, bwana. Ila kabla sijaenda nikwambie neno. Wateja wanakupita."

"Wananipita? Wapi?"

"Duka lako liko wazi upande mmoja tu. Watokao mtoni wanakuta ukuta. Sasa ukuta, bwana wangu, una tofauti gani na mlango uliofungwa?"

Ngiri akazigeukia kuta zake. Kumbe miaka yote hiyo duka lake limefungwa pande tatu! Akarukia ukuta wa mtoni kwa pembe zake: kwa! kwa! kwa! Ukuta chini, puu!

"Wanakuja?" akauliza.

Pimbi alikuwa nje, mbali kidogo. "Wanakuja, bwana. Ila wa bondeni wamekuta ukuta."

Kwa! kwa! kwa! Ukuta wa bondeni chini, puu! Paa likalia, kiii.

"Wanakuja?"

"Wanakuja, bwana. Ila wa kilimani wamekuta ukuta."

Kwa! kwa! kwa! Ukuta wa kilimani chini. Na paa nalo chini, gudum! Vumbi likatanda.

Chini ya magogo ikatoka sauti: "Pimbi! Mgongo wangu! Nakufa!"

Pimbi akasogea, akainama taratibu.

"Ala! Na sukari je, bwana? Imelowa?"

Ngiri akakata roho. Duka likawa limefungwa. Pimbi akaenda akamzika mumewe, akamlilia mpaka machozi yakamwishia, akajilaza mwambani juani, akalala.

Alipoamka alikuta wanyama wamemzunguka na vikapu vyao. Wa kumpa pole hakuwapo. Wa kumuulizia Ngiri hakuwapo. "Mbona pamefungwa?" waliuliza. "Sisi sukari tutapata wapi usiku?"

Wakageuka wakaenda ng'ambo ya njia. Huko mdogo wake Ngiri alikwishasimika nguzo nne na paa jepesi la makuti, bila ukuta hata mmoja. Anatafuta wachukuzi. Pimbi akawatazama wanawe, matumbo yao yamebonyea. Akachukua kamba yake ya kubebea magunia, akavuka njia.

Basi funzo la ngano hii, wanangu, ni kwamba usingizi ni adui wa maendeleo. Mchukuzi mwema halali, na mwenye duka akitaka kubomoa ukuta, amwite fundi.

Ngano yangu naitua hapa, atakaye na aibebe. Mimi mgongo unaniuma, nakwenda kufunga mlango wangu.