Mfuko wa Mfaume

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Tegeni masikio, na atakayesinzia nitampa mayai ya samaki anibebee mpaka yaanguliwe.

Hapo zamani za kale, zamani sana, farasi wa baharini hakuwa hivi mnavyomwona. Alikuwa amenyooka, akiogelea kifudifudi kama samaki wengine wote. Mmoja wao aliitwa Mfaume. Aliishi na mkewe, Mwanakombo, katikati ya nyasi za baharini, pale ambapo maji humfika mtu mzima kifuani.

Mfaume alikuwa na maringo, jamani! Tumboni alikuwa na mfuko wa ngozi, ameumbwa nao, na kazi yake ilikuwa kuwekea vitafunio. Asubuhi anatia vijikamba, mchana anavitafuna mbele za watu, jioni anaupigapiga mfuko na kuuliza, "Nani mwingine ana mfuko kama huu?" Basi anacheka mwenyewe.

Kwao kulikuwa na mila. Kila alfajiri mume na mke walisalimiana kwa ngoma. Wanashikana mikia, wanalizunguka jani, wanabadilika rangi. Hata kama jana waligombana, ngoma haiachwi.

Sasa, Mwanakombo akataga mayai, akayaweka juu ya jani. Tasi, samaki mla nyasi, akaja, akala jani na mayai yake. Akataga tena, akayafukia mchangani. Kaa akafukua, akala. Akataga mara ya tatu, akayaficha ndani ya tundu la jiwe. Lo! Kumbe tundu lile ni nyumba ya Pweza. Pweza akala, akajipangusa, akashukuru kuletewa chakula mpaka kitandani.

Kila mara Mfaume alisema maneno yale yale. "Mwanamke gani hajui kubeba mayai? Kubeba tu! Kuna kazi gani hapo?"

Na mara ya tatu akaongeza, "Ukipoteza tena, mimi naoa. Kule mwambani kuna binti ananiangalia kwa jicho la kunitaka."

Mwanakombo alilia. Aliwalilia wanawe ambao hata majina alikuwa hajawapa. Aliyemuumiza zaidi hakuwa Pweza, alikuwa mumewe. Halafu akanyamaza ghafla, akautazama mfuko wa Mfaume.

Kina mama mmeshaelewa, nawaona mnavyochekea ndani ya kanga. Kina baba bado.

Alfajiri moja Mwanakombo akaja kwenye ngoma amejigeuza rangi ya manjano, anang'aa. Wakashikana mikia. Wakazunguka. Mfaume akanogewa mpaka akafumba macho. Katikati ya ngoma Mwanakombo akamwambia, "Mume wangu, hebu nishikie hivi kidogo, nirekebishe nywele zangu."

Farasi wa baharini ana nywele? Hana! Lakini aliyenogewa na ngoma haulizi. Mfaume akaufungua mfuko, Mwanakombo akamimina mayai yote humo, pu!

"Narudi sasa hivi," akasema. Akaenda zake.

Mchana hakurudi. Jioni hakurudi. Alfajiri ya pili huyo, anakuja na rangi zake.

"Mume wangu, umeamkaje?"

"Nimeamkaje! Njoo uchukue mayai yako!"

"Tucheze kwanza. Mila ni mila."

Wakacheza. Ngoma ilipokwisha, Mwanakombo akasema, "Narudi sasa hivi." Akaenda zake. Ikawa hivyo kila kukicha.

Mfuko ukajifunga mdomo. Tumbo likavimba. Likamwinua Mfaume kichwa juu, mkia chini, akabaki amesimama wima katikati ya maji. Kuogelea kukamshinda. Wimbi likaja likataka kumchukua, akakunja mkia na kulishika jani. Kisha akaanza kusonya. Akasonya kutwa nzima, mpaka mdomo ukachongoka kama mrija. Na jioni ikamjia hamu ya kula udongo.

Binamu yake, Faki, samaki mwembamba wa ukoo mwingine, akapita. Faki naye alikuwa amenyooka kama mwanzi, na mwili wake bado umenyooka mpaka leo.

"Binamu!" akasema Faki. "Una mimba?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, watoto?" Faki akacheka mpaka mapezi yakamkaza. Akaenda kutangaza bahari nzima.

Habari ikamfikia Pweza. Pweza akalamba midomo, akashika njia.

Mfaume akamwona anakuja. Kukimbia hawezi. Angeyamwaga yale mayai, angekuwa mwepesi, angeokoka. Na kweli, alianza kuulegeza mfuko. Mara, humo ndani, kitu kikamgusa. Kidogo sana, kama anayebisha hodi kwa adabu. Mfaume akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, pamoja na huruma.

"Wanangu," akasema moyoni.

Akaukaza mfuko. Akaukaza mkia. Akajigeuza kijani kama jani, majani yakiyumba naye anayumba.

Pweza akafika, akatazama huku na huku, haoni kitu. Lakini alimjua Mfaume kwamba kunyamaza ni mtihani kwake. Akasema kwa sauti, "Nasikia Mfaume hajui kucheza ngoma. Anakanyaga mkia wa mkewe."

Mfaume akatetemeka kwa hasira. Akanyamaza.

"Nasikia ule mfuko wake ni kiraka tu, amekiazima."

Mfaume akaona kizunguzungu. Akanyamaza.

"Na mkewe je! Mwanamke gani hajui kubeba mayai? Kubeba tu! Kuna kazi gani hapo?"

Loo! Mfaume aliyatambua maneno yale. Yalikuwa yake mwenyewe, na yalimchoma kuliko yote. Alitaka kupiga kelele amtetee mkewe, amwambie Pweza hajui alisemalo. Akayameza maneno yake, yakashuka kwa shida, maana chini kulikuwa kumejaa. Akanyamaza.

"Labda ameshakwenda kuoa mwambani," akasema Pweza, akaenda kutafuta riziki kwingine.

Alfajiri Mwanakombo akaja. "Mume wangu, umea..."

"Mama yangu weee! Nashika nini? Nashika nini mimi?"

"Shika jani, mume wangu. Sukuma!"

Mfaume akasukuma. Mfuko ukafunguka, watoto wakarushwa nje kwa mafungu, wadogo kama punje za mtama, kila mmoja amesimama wima na kamkia kamekunjwa. Mwanakombo akalia tena, safari hii kwa furaha.

"Mke wangu," akasema Mfaume, anahema, "nisamehe. Kubeba ni kazi."

"Na yule binti wa mwambani?"

"Binti gani?"

Mwanakombo akatabasamu. "Basi nishikie haya mengine kidogo, nirekebishe nywele zangu."

"Huna nywele, mke wangu," akasema Mfaume. Na mfuko akaufungua mwenyewe.

Faki alikuwa pembeni, anacheka hajiwezi. Hakujua kwamba mkewe amejibanza nyuma ya jani na amesikia yote. Sauti tamu ikamwita, "Faki, mume wangu, njoo unishikie kitu." Tangu siku ile, kwa kina Faki pia anayebeba mayai ni baba.

Funzo lake ni hili: usiudharau mzigo wa mwenzako wakati mikono yako ni mitupu, maana huenda yupo njiani anakuletea uushike. Kina baba mnaotazama chini, nimewaona.

Ngano yangu naikata hapa. Kama ni tamu, ondokeni nayo. Kama ni chungu, nishikieni kidogo tu. Narudi sasa hivi.