Gari Lisilopisha Mtu

Paukwa!
Pakawa!
Wenye magari?
Waendeshe!
Na sisi tusio nayo?
Tusukume!

Haya, tulieni sasa, maana kisa hiki kina machozi ndani yake.

Hapo kale Fisi alikuwa na gari la mbio la zamani. Jekundu, lenye viti viwili tu, tumbo limeinama karibu liguse ardhi, na likinguruma unalisikia ng'ambo ya mlima: Vruuum! Vruuum! Fisi aliliegesha katikati ya njia nyembamba ya mlimani. Kila apitaye sharti alisifu, tena atoe kitu, ndipo apishwe.

Pimbi naye alikuwa na gari la kijivu, la juzijuzi, gari la kwendea sokoni. Lenyewe shiii, husikii kitu. Asubuhi moja alikuwa akienda zahanati, na kwenye kiti cha nyuma alilala mkewe, Zawena, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto wao wa kwanza alifia njiani, walipokuwa wakienda huko huko kwa miguu, na Pimbi alimzika kwa mikono yake. Ndiyo maana akanunua gari.

Alipofika kwenye njia nyembamba, akalikuta gari jekundu limeziba, na Fisi kasimama kando yake.

"Kaka Fisi, hisani yako, nipishe. Mke wangu anajifungua."

"Utapita. Kwanza tulinganishe. Lipi lina sauti?"

"Lako, Bwana Fisi."

"Basi lete gurudumu la akiba."

Akatoa.

"Lipi lina sura?"

"Lako, Bwana Fisi."

"Basi lete redio."

Akatoa.

"Lipi lina mbio?"

"Lako, Bwana Fisi."

"Basi lete ufunguo. Na hilo lako nitalitia uani kwangu."

Kule nyuma Zawena akalia, "Mume wangu, nakufa!"

Pimbi aliogopa, tusidanganyane. Fisi angemmeza kwa funda moja. Akatoa ufunguo polepole.

"Chukua, bwana mkubwa, umenishinda. Limebaki moja tu, kubeba. Bondeni kule kuna nyati amekufa jana, mnono huyo! Nilitaka kumpakia nikirudi. Lakini hilo lako... aa, tuache."

"Tuache nini?" Mate yakamdondoka Fisi, tiri, tiri.

"Watu wanasema haliwezi nyama."

"Nani kasema? Ngoja hapo hapo uone!"

Ufunguo hata hakuukumbuka. Akarukia gari lake, akaiacha njia, akateremka bondeni. Vruuum! Ta! Ta! Grrrk! Tumbo la gari likakalia jiwe, magurudumu yakazunguka hewani.

"Pimbi wee! Njoo unisukume!"

Njia ilikuwa nyeupe, naye Pimbi akapita, shiii.

Jua halijafika utosini, Zawena akajifungua binti mzima. Pimbi alimpakata, akalia kwa sauti mbele ya wauguzi wote, wala hakuona haya.

Mnauliza nyati? Hakukuwa na nyati. Fisi alimtafuta bonde zima mpaka giza likaingia.

Sasa funzo, na mlishike sana: msiseme uongo, wanangu. Njia ya mwongo ni fupi; muulizeni Pimbi, aliyefika zahanati mapema.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwafaa, igawaneni, isipowafaa, nirudishieni mwenyewe.